Mechi ya Mikia Myekundu

Kwetu Nyamigogo kombe la mpira huwa lina miguu minne. Ni mbuzi. Mwaka wa neema ni ng'ombe. Anafungwa kamba kwenye mti ulio karibu na goli, watoto wanamtupia majani, naye anatafuna tu hajui ya kwamba watu 22 wanavunjana miguu kwa ajili yake. Kombe lenyewe huitwa kwa jina la aliyelitoa: diwani, mwenye duka la mahindi, au yule bwana anayekuja na gari jipya mwaka wa uchaguzi na kuondoka nalo kura zikishahesabiwa. Sijawahi kucheza kombe la marehemu. Marehemu hatoi mbuzi.

Ndiyo maana nilipokutana na habari ya mechi moja ya huko Marekani nilikaa nayo siku nyingi. Ni mechi ya vyuo, inachezwa katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, na inaitwa Red Tails Classic, yaani tuseme Mechi ya Mikia Myekundu. Ilichezwa mara ya kwanza Jumapili ya tarehe 5 Septemba 2021, Chuo Kikuu cha Tuskegee wakicheza na Fort Valley State ya jimbo jirani la Georgia, ikapangwa iwe ya kila mwaka. Vyuo vyote viwili ni vyuo vya Wamarekani weusi. Mikia inayosemwa si ya mnyama, ni mikia ya ndege za kivita. Mechi inawaenzi marubani weusi waliopigana katika Vita Kuu ya Pili, ambao wengi wao leo ni marehemu. Nikasema, haya, kumbe yapo makombe ya marehemu.

Kwanza niseme kidogo juu ya mpira wenyewe, maana najua msomaji atabisha. Wenzetu wanauita futiboli, lakini mguu hufanya kazi ndogo sana. Mpira una umbo la yai. Hubebwa kwapani, hurushwa kwa mkono, na mwenye nao huangushwa chini kama mwizi wa kuku. Kuupiga teke ni mara mojamoja. Basi usiulize zaidi, mimi mwenyewe sheria zake zimenishinda. Kinachotuhusu si namna unavyochezwa bali ni nani walioamua wauchezee nani.

Sasa tuwaangalie hao marubani. Hapa ndipo watu wengi huanzia mwaka 1941, lakini mimi ningependa tuanzie karibu na kwetu, yaani Ethiopia.

Alikuwapo kijana mmoja aliyeitwa John Robinson, aliyekulia Gulfport, Mississippi, katika miaka ambayo mtu mweusi wa kusini mwa Marekani hakuruhusiwa hata kukaa kiti cha mbele cha basi, seuze kiti cha rubani. Alisoma ufundi wa magari huko huko Tuskegee, shule iliyofunguliwa mwaka 1881 chini ya Booker T. Washington, mtu aliyezaliwa mtumwa. Akahamia Chicago. Alitaka kujifunza urubani, shule ya ndege ikamkataa kwa rangi yake. Inasimuliwa kwamba akaomba kazi ya kufagia katika shule ile ile, akawa anafagia taratibu sana wakati mwalimu anafundisha. Mtu wa namna hiyo utamzuia na nini? Alipata leseni yake, akaanzisha na wenzake chama cha marubani weusi, na akarudi Tuskegee kuwaambia wakubwa wa chuo waanzishe mafunzo ya urubani. Wakati huo pesa hazikuwapo, wazo likawekwa kabatini.

Mwaka 1935 Mussolini alikuwa anajiandaa kuivamia Ethiopia. Robinson akafunga safari kwenda Addis Ababa, na Mfalme Haile Selassie akampa ukamanda wa jeshi la anga. Jeshi la anga lenyewe, ndugu msomaji, usilione kubwa. Lilikuwa na ndege chache, nyingine mbovu, nyingi hazina silaha. Waitaliano walikuja na mamia. Mashambulizi yalipoanza tarehe 3 Oktoba 1935, na Adowa ikapigwa mabomu, kazi ya Robinson na wenzake haikuwa kupigana angani, ilikuwa kubeba barua, dawa na watu kati ya mji mkuu na mstari wa mbele, wakijificha katika mawingu na mabonde. Mei 1936 Addis Ababa ikaanguka. Robinson alikuwa ameshaondoka, na aliporudi Marekani maelfu ya watu weusi walijaa barabarani kumpokea. Magazeti yao yalimwita Kipanga wa Ethiopia. Miaka mitano baadaye, mwaka 1941, walioingia Ethiopia kuwafukuza Waitaliano walikuwamo askari wa KAR kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland na Tanganyika yetu hii. Mwaka 1944 Robinson alirudi tena Ethiopia kufundisha vijana urubani, na huko ndiko alikofia mwaka 1954, kwa majeraha ya ajali ya ndege. Kaburi la mtu anayehesabiwa miongoni mwa baba wa marubani wa Tuskegee liko Afrika Mashariki, na sisi hatumjui.

Turudi Alabama. Jeshi la Marekani lilikuwa na ripoti yake ya mwaka 1925, iliyoandikwa na maofisa wa chuo cha vita, ikisema mtu mweusi hana akili wala moyo wa kushika kazi ngumu za vita. Ripoti ile iliwatosha kwa miaka mingi. Lakini vita vilipokaribia, magazeti ya weusi na vyama vyao vilipiga kelele, na Januari 1941 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard, Yancey Williams, akaishtaki serikali kwa kumnyima nafasi ya kuwa rubani wa jeshi. Siku hizo hizo wakubwa wakatangaza kwamba kitaundwa kikosi kimoja cha anga cha weusi peke yao, na kwamba kitafunzwa Tuskegee. Wengi walikiita jaribio. Jaribio, kama unavyojaribu mbegu ya mahindi ya dukani kwenye kipembe kidogo cha shamba, ukiwa tayari umeshaamua haitaota.

Machi 29 mwaka ule mke wa Rais, Eleanor Roosevelt, alitembelea Tuskegee. Alikuwapo mwalimu mweusi, Alfred Anderson, ambaye kila mtu alimwita Chifu. Mama yule akamwambia nataka kupanda ndege yako. Walinzi wake wakashtuka. Akapanda hivyo hivyo, wakaruka, wakarudi wazima, na picha ikapigwa: mama wa Ikulu amekaa nyuma anacheka, rubani mweusi mbele. Picha ile ilifanya kazi ambayo hotuba mia zisingeifanya.

Darasa la kwanza lilianza na watu 13. Walioshinda, tarehe 7 Machi 1942, ni watano tu. Mmoja wao alikuwa Benjamin O. Davis mdogo, mtoto wa jenerali wa kwanza mweusi wa Marekani. Huyu alikuwa ametoka katika chuo cha maofisa cha West Point, alikomaliza mwaka 1936, na kule wanafunzi wenzake walimsusia kwa miaka minne mizima. Hakuna aliyeongea naye ila kwa jambo la kazi. Alikula peke yake, akalala peke yake. Nimejaribu kufikiri miaka minne bila kusalimiwa. Kwetu mtu asiposalimiwa asubuhi moja tu anaita kikao cha ukoo.

Huyo Davis ndiye aliyewaongoza vitani. Kikosi cha 99 kilifika Afrika Kaskazini mwezi Aprili 1943, kikapigana Tunisia, kisiwa cha Pantelleria na Sicily, huku baadhi ya wakubwa wakiandika nyuma yao kwamba hawana uchokozi wa kivita na warudishwe. Davis akaitwa Washington kujieleza. Januari 1944 juu ya Anzio, Italia, vijana wake wakaangusha ndege nyingi za Wajerumani kwa siku mbili, na maneno yale yakapungua. Kati ya mwaka huo wakakusanywa katika kundi la 332 lenye vikosi vinne, wakapewa ndege aina ya Mustang, wakazipaka mikia rangi nyekundu nzima nzima ili wajulikane kwa mbali. Kazi yao ikawa kuzisindikiza ndege kubwa za mabomu zisishambuliwe njiani. Ni kazi ya mchungaji: huendi kuwinda, unabaki na ng'ombe. Rubani mwenye tamaa ya sifa huliacha kundi akamfukuza adui ili jina lake liandikwe. Davis aliwakataza. Machi 24, 1945 walifika hadi Berlin na kurudi, safari ya kilomita kama 2,500.

Karibu marubani 1,000 walihitimu Tuskegee. Kama 355 kati yao walipelekwa ng'ambo, na 66 walikufa katika mapigano. Nyuma ya kila rubani walikuwapo mafundi, wapishi, wauguzi, makarani, wapanga miavuli, wote pamoja zaidi ya 10,000, na hawa wote leo huhesabiwa kuwa watu wa Tuskegee. Hili nalipenda. Kwetu sifa ya goli huenda kwa mfungaji tu, aliyechonga krosi hata maji hapewi.

Waliporudi nyumbani, wengi wao wamesimulia, meli ilipotia nanga walikuta vibao viwili, weupe huku, weusi kule. Hata kabla vita havijaisha, Aprili 1945, katika kambi ya Freeman Field jimbo la Indiana, maofisa 101 weusi walikamatwa kwa kukataa kutia saini amri ya kuwazuia wasiingie klabu ya maofisa wazungu. Julai 26, 1948 Rais Truman akatoa amri ya kuondoa ubaguzi jeshini. Wanaojua mambo wanasema mikia myekundu ilimsaidia kushika kalamu.

Sasa swali langu ni hili. Watu hawa wana sanamu, wana makumbusho pale pale Moton Field walikojifunzia, wana medali ya dhahabu ya Bunge waliyopewa mwaka 2007. Kwa nini tena waenziwe kwa mpira? Na kwa nini pale Montgomery?

Jibu la kwanza ni jepesi. Tuskegee ni chuo cha mpira. Vyuo vya weusi vilianza kuucheza mwaka 1892, kwa kuwa vyuo vya wazungu havikuwapokea wala kucheza nao. Wakajitengenezea ligi zao, mabendi yao, na mechi kubwa za mwaka ambazo watu hushona nguo kwa ajili yake, wakarudi nyumbani kama sisi tunavyorudi Krismasi. Tuskegee ilikuwa na kocha aliyeitwa Cleve Abbott, aliyekaa tangu mwaka 1923 hadi miaka ya 1950, akashinda ubingwa wa vyuo vya weusi mara sita. Uwanja wa chuo una jina lake. Vijana wa wakati wa vita walijifunza kuruka Abbott akiwa bado kocha pale pale. Mpira na ndege vilikua pamoja, kama watoto wa mama wawili katika boma moja.

Jibu la pili limo katika uwanja wenyewe, na mimi naliona ndilo zito. Mechi haichezwi Tuskegee, inachezwa kilomita kama 60 kutoka hapo, katika uwanja wa Cramton Bowl, Montgomery. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1922. Tangu 1924 Tuskegee walikuwa wakicheza mjini humo na jirani zao wa Alabama State kila sikukuu ya shukrani mwezi Novemba, na umati ulikuwa ukifurika. Lakini kuanzia mwaka 1939 uwanja ule ukawa na mechi nyingine ya kila mwaka, siku za Krismasi, iliyoitwa Blue-Gray, Bluu na Kijivu. Wachezaji bora wa vyuo vya kaskazini walivaa bluu, wa kusini walivaa kijivu. Hizo ni rangi za majeshi mawili ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na kijivu ni rangi ya waliopigana ili utumwa ubaki. Na Montgomery, kama hujui, ndiyo iliyokuwa makao makuu yao ya kwanza mwaka 1861.

Kwa hiyo uwanja ule ulikuwa tayari na desturi ya kuwaenzi wanajeshi kwa mpira. Tatizo ni wanajeshi gani. Wachezaji weusi hawakuruhusiwa katika Blue-Gray. Mwaka 1963 televisheni kubwa ya NBC ikakataa kuionyesha kwa sababu hiyo. Mwaka 1965 ndipo wachezaji weusi wa kwanza walipoingizwa, ikiwa ni miaka kumi tangu Rosa Parks akamatwe katika mji huo huo kwa kukataa kumpisha mzungu kiti cha basi. Blue-Gray ilichezwa Cramton kwa mara ya mwisho mwaka 2001. Miaka ishirini baadaye, katika uwanja ule ule, wakaingia Tuskegee, na watu wakasimama kuwaheshimu wazee weusi waliorusha ndege. Hakuna aliyebomoa kitu. Walibadili tu jina la marehemu anayechezewa.

Na nje kidogo ya mji, katika uwanja wa ndege wa Dannelly, kipo kikosi cha anga cha jimbo la Alabama kilichorithi namba ya moja ya vikosi vya Davis. Ndege zao nazo zimepakwa wekundu mkiani.

Mpaka hapo ningeweza kusimama, ukasema ahsante kijana, hadithi nzuri. Lakini lipo jambo moja ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Kwa zaidi ya miaka sitini ilisemwa kwamba mikia myekundu haikupoteza hata ndege moja ya mabomu iliyoisindikiza. Hata moja! Maneno hayo yaliandikwa magazetini tangu mwaka 1945, yakarudiwa vitabuni, kwenye filamu, kwenye hotuba, na wazee wenyewe wakayasikia hadi baadhi wakayaamini. Halafu mwanahistoria wa jeshi la anga, Daniel Haulman, tena ofisi yake ikiwa hapo hapo Montgomery, akakaa na makabrasha ya kila safari, siku kwa siku, akahesabu. Akakuta ndege 27. Watu walikasirika. Wapo waliosema hayo ni matusi kwa wazee. Lakini Haulman alihesabu na upande wa pili: makundi mengine ya jeshi lile lile yaliyofanya kazi ile ile yalipoteza wastani wa 46 kila kundi. Maana yake vijana wa Davis walikuwa wachungaji bora kweli, na ubora wao unaonekana vizuri zaidi kwenye 27 kuliko kwenye sifuri. Sifuri ni ya malaika. Tena katika kila ndege ya mabomu walikuwamo watu kama kumi. Ukisema sifuri, hao umewafuta.

Kusahau nako kulikuwapo. Mwezi Mei 1949 jeshi la anga liliandaa mashindano ya kulenga shabaha huko Las Vegas. Timu ya 332, akiwamo kijana aliyeitwa Harry Stewart, ilishinda kundi la ndege za pangaboi. Wakapigwa picha na kombe. Kisha kombe likapotea. Katika kitabu cha kumbukumbu cha jeshi la anga, mbele ya mwaka 1949 pakaandikwa kwamba mshindi hajulikani, ikakaa hivyo hadi miaka ya 1990. Kombe lenyewe lilionekana mwaka 2004 katika stoo ya makumbusho. Miaka 55 stoo! Stewart alikuwa bado hai, akaishi hadi Februari 2025, akafa ana miaka 100. Mwenzake Charles McGee, aliyeruka safari 409 za mapigano katika vita vitatu, alikufa Januari 2022 akiwa na 102, miezi minne tu baada ya ile mechi ya kwanza.

Sasa nyumbani. Sisi wa Biharamulo na Ngara tulikuwa nyuma ya vita vya Kagera, lakini hatukuwa mbali. Mkoa wenyewe ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, jina la Kagera lilikuja baada ya vita. Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilipiga Bukoba. Mwisho wa mwezi majeshi yake yakavuka mpaka, na mwanzoni mwa Novemba wakalivunja daraja la Kyaka. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Siku chache kabla, Machi 29, ndege ya Libya ilitaka kulipua hifadhi ya mafuta Mwanza, ikakosea, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa watu wasio na kosa. Hii kila mtu anaisimulia, kwa kuwa inachekesha kidogo na aliyekosea ni adui.

Lakini kuna nyingine ambayo husimuliwa kwa sauti ya chini. Mwanzoni mwa vita ndege zetu za kivita zilikuwa zinasafiri kwenda kambi ya Mwanza, zikapita juu ya mkoa wa Mara. Wanajeshi wetu wa kutungua ndege waliokuwa upande wa Musoma wakadhani ni za Amin. Wakafyatua. Ndege tatu za Tanzania zikaangushwa na Watanzania.

Kaboya, wilayani Muleba, yako makaburi ya mashujaa wa vita vile, mamia, yamepangwa mistari kama mihogo iliyopandwa kwa kamba, meupe. Nimefika mara moja. Ni mahali pa kunyamaza. Na Julai 25 ni siku ya Mashujaa kitaifa, kunakuwa na gwaride, mkuki na ngao, upinde na mshale.

Sasa sisi vijana tukasema, Julai 25 kijijini kwetu tucheze mechi. Sikuweza kuinyamazia ile ya Montgomery, nikawaeleza wenzangu, nikapendekeza tuiite Mechi ya Marubani. Vijana wakapenda, hasa walivyosikia habari za mikia, mmoja akaanza kuuliza bei ya jezi nyekundu. Tukaenda kwa mzee mmoja aliyekuwa mgambo mwaka 1979, tukampa shikamoo, tukamweleza. Tulitaka aje azungumze na wachezaji kabla ya mpira, dakika kumi tu.

Akasikiliza hadi mwisho. Akauliza, marubani gani?

Tukamwambia wale watatu wa Mara.

Akakaa kimya. Kisha akasema, "Wanangu, na mtasema walikufaje?"

Mwenzangu mmoja, anayeongea haraka, akajibu kwamba tutasema walikufa wakilinda anga ya nchi yetu, basi, inatosha. Mzee akatikisa kichwa. Alisema ni kweli walikufa wakilinda. Lakini mtoto wa yule aliyefyatua naye yupo mahali, na yeye anacheza mpira, na siku moja atauliza. Mimi nikamwambia habari ya Haulman na zile ndege 27, kwamba kusema kweli hakukuwapunguzia wazee wale heshima. Akanitazama. Akasema, "Huyo alikuwa na makabrasha. Wewe una nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na daftari la kurasa 48.

Kamati ilikaa jioni ile chini ya mwembe. Waliotaka jina la marubani walikuwa wanne, waliolikataa watano. Wala si kwa ubaya, walisema tu kwamba mtu akiuliza maswali hapo uwanjani hakuna wa kujibu. Tukakubaliana iitwe Mechi ya Mashujaa, bila kutaja nani. Mzee alikuja, akazungumza habari za safari yao ya miguu na njaa ya njiani, hakugusa ndege. Mbuzi alitolewa na mwenye duka la mahindi, naye akataka jina lake litajwe kwenye kipaza sauti, likatajwa mara tatu.

Tulifungwa mbili bila. Jioni niliporudi nilimkuta mzee amekaa kibarazani kwake, akaniita. Akaniambia kama nikipata nauli niende Musoma, wapo watu wazima kule waliokuwa watoto siku zile, waliona moshi. Niwaulize polepole, mmoja mmoja, na niandike tarehe.